Nani Anang'ara Mezani?

Umechoka na sinema na nyama choma kila wikiendi, sasa unataka kumwingiza mwenzi wako kwenye michezo ya kuvaa uhusika? Subiri kidogo. Kwanza ujue ugomvi wa miaka 50 kati ya Mpiganaji na Mchawi.

Umeshawahi kualikwa kwenye mchezo, halafu katikati ya usiku ukagundua kuwa wewe si mchezaji bali ni mtazamaji? Hakuna aliyekukosea. Kiti chako kipo, soda yako ya baridi ipo, na zamu yako inafika kama ya wengine. Ila ikifika unafanya kile kile ulichofanya zamu iliyopita, na usipokifanya hakuna kinachoharibika. Mambo yote ya maana yanaamuliwa na mtu mwingine. Sasa kama huyo mtu mwingine ni mume wako, mke wako au mchumba wako, safari ya kurudi nyumbani huwa na ukimya wa aina yake.

Wengi wetu hukimbilia kulaumu tabia: fulani anapenda sifa, fulani hajui kushirikiana. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwenye michezo ya kuvaa uhusika, ile ambayo marafiki hukaa mezani na kutunga kisa pamoja, kosa linaweza kuwa limeandikwa kwenye kitabu cha kanuni hata kabla hamjaketi. Watunzi wa michezo hii wamehangaika nalo kwa nusu karne, na waliyojifunza yanamfaa yeyote anayetaka kucheza na mwenzi wake bila kununiana.

Mchezo wenyewe ukoje?

Kama umeangalia tamthilia ya Stranger Things, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2016, utawakumbuka wale watoto wa Indiana wanaorusha dadu kwenye chumba cha chini ya nyumba huku wakipiga kelele. Wanachocheza ni Dungeons & Dragons, mama wa michezo yote ya aina hii. Hakuna ubao wa lazima, hakuna mshindi. Mmoja wenu anakuwa msimulizi: anaeleza mahali mlipo, anawasemea maadui na wapita njia, na anaamua kanuni zinasemaje. Wengine kila mmoja anavaa uhusika wa mtu mmoja. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu yenye pande 20, na namba inakwambia umefaulu au umechemsha.

Mhusika wako ana fani. Mpiganaji ana upanga na deraya. Mchawi (si huyu wa kuruka na ungo usiku, ni msomi wa uchawi wa hadithini) ana kitabu na maneno mazito. Kasisi anaponya. Mwizi anafungua kufuli na kunyata gizani.

Kwenye bao au drafti suala la haki ni rahisi, kwa sababu kila upande una kete sawa na wa pili. Huku kila mtu ana vitu tofauti kabisa, na wala hampigani wenyewe kwa wenyewe. Mko timu moja. Kwa hiyo swali si nani atamshinda nani. Swali ni hili: je, kila fani ina jambo ambalo bila yenyewe halifanyiki? Uwiano wa mchezo unaanzia hapo.

Mvumilivu hula mbivu, kwa kanuni za zamani

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliokuwa wakicheza michezo ya vita mezani kwa majeshi ya sanamu ndogondogo. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, na fani zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata.

Wazee hao walijua kabisa kwamba mchawi akikomaa atakuwa hatari. Dawa yao ilikuwa kumtesa akiwa mchanga. Chukua kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978. Mchawi anayeanza anarusha dadu ya pande nne kupata pointi zake za uhai, wakati mpiganaji anarusha ya pande kumi. Yaani paka akimkwaruza vibaya, msiba. Haruhusiwi kuvaa deraya. Ana uchawi mmoja tu kwa siku. Akishautumia anabaki na kisu na maombi. Akipigwa wakati anatamka maneno yake, uchawi umepotea. Na hata kupanda ngazi ni ghali kwake: mwizi anafika ngazi ya pili kwa pointi 1,251 za uzoefu, mpiganaji kwa 2,001, mchawi kwa 2,501.

Mkataba ulikuwa huu: mwanzoni mpiganaji anambeba mchawi, baadaye mchawi anambeba mpiganaji. Kwenye karatasi ni haki tupu. Hebu sasa uangalie kwa watu wenye kazi, foleni na vikao vya harusi. Kikundi chenu kikivunjika baada ya miezi mitatu, mchawi amekula hasara. Alivumilia, mbivu hakuziona. Kikidumu miaka miwili, mpiganaji anamaliza mwaka wa pili akiwa mbeba mikoba. Haki ya kulipana mwakani haimfariji mtu anayeboreka leo usiku.

Wanandoa wanaijua hesabu hii. Mmoja anarudi chuo, mwingine analipa ada na kubeba nyumba, kwa ahadi kwamba kesho zamu itageuka. Inafanya kazi pale tu ambapo wote wawili walijua wanaweka sahihi kwenye nini. Kwenye meza nyingi za zamani, mpiganaji hakuwahi kuonyeshwa ukurasa wa mwisho wa mkataba.

Mwaka 2000: breki zinalegezwa

Mwaka 1997 kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR, iliyokuwa ikichapisha mchezo huu, na mwaka 2000 ikatoa toleo la tatu chini ya watunzi Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Lilikuwa toleo safi, lenye mantiki, na lilipendwa. Kati ya mambo waliyonyoosha ni zile pointi za uzoefu: sasa fani zote zikafika ngazi ya pili kwa pointi 1,000. Nani angepinga usawa wa namna hiyo?

Shida ni kwamba zile adha za mchawi zilikuwa breki, na toleo la tatu lilizilegeza moja baada ya nyingine. Akawa anapanda ngazi kwa bei ya wote. Akiwa na akili nyingi, anapata uchawi wa ziada kila siku. Akiwa makini, anaweza kutamka maneno yake hata adui akiwa mbele ya pua yake. Mpiganaji naye, masikini, akafungwa miguu: ili apige mapigo yake yote katika zamu moja, alitakiwa karibu asisogee kabisa. Akimfuata adui aliyeko upande wa pili wa chumba, pigo moja, basi. Wachezaji wakawa wanasema kwamba mpiganaji anakua kwa kujumlisha, mchawi anakua kwa kuzidisha.

Na mchawi hakuwa peke yake. Kasisi na druidi, yaani yule mlinzi wa misitu, walikuwa balaa. Druidi alipewa mnyama wa kuandamana naye, na mnyama huyo alijua kupigana hasa. Matokeo yake mpiganaji akajikuta anashindana na mbwa mwitu wa mwenzake.

Kinachouma hasa ni nini?

Watu wengi wakisikia mchezo hauna uwiano wanafikiria nguvu za kupiga. Hiyo ni nusu ya stori, na wala si nusu inayouma.

Tazama mwizi. Ametumia kila kitu alichonacho kujifunza kufungua kufuli na kupita bila kuonekana. Mchawi akifika ngazi ya tatu tu, anaweza kujifunza uchawi wa kufungua mlango uliofungwa, na mwingine wa kumfanya mtu asionekane kabisa. Ngazi ya tano, anapata wa kuruka angani. Mwizi anabaki na kazi gani?

Hapo ndipo watu hununa. Kuzidiwa na adui hakuumi sana, ni mchezo. Hata rafiki kuwa hodari kwenye jambo lake hakuumi, unampigia makofi. Kinachouma ni mwenzako kulifanya jambo lako, tena kwa wepesi, huku wewe umesimama pembeni na funguo zako mkononi. Kama umeishi na mtu anayekunyang'anya mwiko kila ukiingia jikoni, kwa sababu eti yeye anapika haraka zaidi, basi unamwelewa mwizi bila kusoma kitabu chochote cha kanuni.

Mwaka 2008: wote wavae sare

Toleo la nne lilitoka mwaka 2008 na suluhisho la kishujaa. Mpiganaji, mchawi, mwizi, wote wakapewa mbinu zilizopangwa kwa mpango mmoja: za kutumia wakati wowote, za mara moja kwa pambano, na za mara moja kwa siku. Kila fani ikapewa jukumu lake vitani: kuna mlinzi, kuna mshambuliaji, kuna kiongozi anayewainua wenzake, kuna mdhibiti wa uwanja. Kwa mara ya kwanza mpiganaji alikuwa na menyu yake mwenyewe, na kila zamu ilimtaka afikiri.

Kwa hesabu, kazi ilikuwa nzuri. Kwa moyo, wachezaji wengi hawakuridhika. Walilalamika kwamba fani zote zimekuwa kitu kimoja kilichopakwa rangi tofauti, kama kamati ya harusi iliyoshonewa kitambaa kimoja. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, mchezo uliojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, na wengi wakahamia huko wakijua fika kwamba huko mchawi bado ni mbabe.

Fikiria hilo kidogo. Watu walikubali kupoteza usawa ili wabaki na tofauti zao. Si kwamba hawakujali haki. Aliyechagua upanga alitaka kujisikia ana upanga, na aliyechagua kitabu cha uchawi alitaka kujisikia amebeba siri. Ukiwapa wote kitu kile kile kwa jina tofauti, umemaliza ugomvi na umemaliza utamu pia.

Mwaka 2014: siri iko kwenye kulala

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilitafuta njia ya katikati. Twende na namba kidogo, usiogope. Mchawi wa ngazi ya tano anaweza kurusha mpira wa moto. Unarushiwa dadu nane za pande sita, wastani wa pointi 28 kwa kila adui aliyemo ndani ya mita kama sita kutoka unapolipuka; anayefanikiwa kukwepa anaumia nusu. Mpiganaji wa ngazi hiyo hiyo anapiga mara mbili kila zamu, na mapigo yote mawili yakimpata adui mmoja anatoa pointi kama 17. Mchawi juu, si ndiyo?

Subiri. Uchawi wa ukubwa huo mchawi anaweza kuutumia mara chache tu kwa siku, hadi alale. Upanga hauishi. Mwongozo wa msimulizi wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa kikundi kinaweza kuhimili mapambano sita hadi nane katika siku moja ya kisa. Siku ikiwa ndefu namna hiyo, mchawi lazima abane matumizi, na upanga ndio unaolisha familia. Siku ikiwa na pambano moja tu, mchawi anamwaga kila kitu kama mtu aliyepokea mshahara Ijumaa jioni, na mpiganaji anabaki kumshangilia.

Sasa jiulize: mnakutana Jumamosi jioni kwa saa tatu au nne, mapambano sita yatatoka wapi? Meza nyingi hukosea bila kujua. Wanafunga vitabu saa nne usiku, na wahusika nao wanaenda kulala. Wiki ijayo mchawi anaamka amejaa tele. Msimulizi mwenye busara hafanyi hivyo. Mkirudi mezani wiki ijayo, kwenye kisa bado ni saa nane mchana ile ile, mvua bado inanyesha, na mchawi bado ana mpira mmoja tu wa moto mfukoni.

Kitabu kipya cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeongeza jambo lingine. Mpiganaji na baadhi ya wenzake wa silaha sasa wana ustadi maalumu wa silaha: moja inamwangusha adui, nyingine inamsukuma, nyingine inampunguzia mwendo. Haikumfanya mpiganaji awe mchawi. Ilimpa cha kuamua kabla hajarusha dadu.

Waliokubali kwamba hawalingani

Kuna watunzi ambao hawakutaka kabisa kulinganisha nguvu. Mwaka 1987 Jonathan Tweet, yule yule wa toleo la tatu, pamoja na Mark Rein-Hagen walitoa Ars Magica. Humo wachawi ni wakubwa kuliko watu wengine wote, na kitabu hakifichi. Ila kila mchezaji ana mchawi wake na mwandani wake, halafu kuna walinzi ambao ni wa meza nzima. Leo mchawi wako ndiye yuko safarini na wenzako wanavaa uhusika wa wandani na walinzi. Kisa kijacho wewe unabeba mkuki na mwingine ndiye bwana mkubwa. Hata kiti cha msimulizi kinaweza kupokezanwa. Ukubwa upo, lakini hauna mwenyewe wa kudumu.

Mwaka 2002 kampuni ya Eden Studios ilitoa mchezo uliotokana na tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer. Tatizo lao lilikuwa wazi: binti mmoja ana nguvu za kuvunja milango, marafiki zake ni wanafunzi wa kawaida. Nani atakubali kuwa rafiki? Wakaweka pointi za drama, ambazo ukizitumia unabadilisha mkondo wa kisa: unaponea chupuchupu, au bahati inakuangukia pale pale ulipoihitaji. Shujaa anaanza na pointi 10. Rafiki wa kawaida anaanza na 20. Mmoja ana misuli, mwingine ana bahati, na hakuna anayeweza kusema mwingine ni msindikizaji.

Hapo ndipo miaka 50 ya kurekebisha kanuni imetufikisha. Kupima nguvu kwa ratili hakutoshi, na kuwavisha watu sare hakutoshi. Kila mtu mezani anatakiwa awe na eneo lake, na usiku usipite bila kisa kumpitia mikononi.

Kabla hamjarusha dadu

Chagueni fani mkiwa pamoja. Usije na mhusika uliyemmaliza nyumbani. Kila mmoja aseme jambo moja analotaka liwe lake: kuongea na wafalme, kufungua milango, kusimama mbele ya joka. Mambo yakigongana, malizeni hapo hapo.

Usimchagulie mwenzako fani "rahisi". Huu ni ugonjwa wa wazoefu, hasa wanaowaleta wapenzi wao kwa mara ya kwanza. Unampa mpiganaji ili asichanganyikiwe, wewe unabaki na mchawi. Mtu anayeendesha ofisi ya watu 20 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hashindwi na orodha ya uchawi. Muulize anataka nini.

Wewe mwenye uchawi, mpe mwenzako mabawa. Uchawi wa kuruka na wa kutoonekana si lazima ujifanyie mwenyewe. Unaweza kumfanyia mwingine. Mwizi asiyeonekana ni hatari kuliko mchawi asiyeonekana. Na mpiganaji anayeruka kumfuata joka angani atakukumbuka wiki nzima.

Msimulizi mwenye mpenzi mezani, kuwa makini. Ukimpa yeye peke yake upanga wa dhahabu, wenzako wataona. Ukimkazia ili usionekane unapendelea, ataona yeye. Fani yake ikiwa imeachwa nyuma, liseme wazi mbele ya wote, na wote mkubaliane namna ya kuirekebisha.

Msiogope gharama. Mwaka 2023 Wizards of the Coast iliziachia kanuni za msingi za toleo la tano kwa leseni ya wazi, kwa hiyo mnaweza kuanza bila kununua kitabu. Dadu zikikosekana, programu ya simu inatosha.

Na usiku ukiisha, mkiwa mnakusanya glasi, usimuulize mwenzako kama amefurahi. Atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Muulize: leo ulifanya nini ambacho mimi nisingeweza? Akianza kusimulia hata kabla hujamaliza swali, mko vizuri. Akikaa kimya akitafuta cha kusema, wiki ijayo badilisheni kitu.